Mlango wa Kurudi Kwao: Mapenzi ya Kumiliki Ndani ya Ndoa na Taharuki ya Nyumbani katika Riwaya ya Kiswahili kwa Usomaji wa Mkoa wa Mara

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna riwaya ya Kiswahili inavyosawiri mapenzi yaliyogeuka umiliki ndani ya ndoa, na namna usawiri huo unavyozaa taharuki. Riwaya zinazohakikiwa ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, Rosa Mistika na Kichwamaji za Euphrase Kezilahabi, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Hoja kuu ni kwamba katika riwaya hizi taharuki haitokani na ukubwa wa wivu wa mhusika. Chimbuko lake ni hali ya mlango: je, anayependwa anaweza kutoka, na je, anayempenda analazimika kumfuata na kumwomba? Usomaji unafanywa kwa kuzingatia mazingira ya Bunda, Butiama na Musoma, ambako swali hilo linaulizwa pia katika vikao vya ukoo, katika mijadala ya mahari na mahakamani.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya taharuki ya nyumbani ni ile ambayo hatari haitoki nje ya kizingiti. Muuaji hana haja ya kuvunja dirisha kwa sababu ana ufunguo, na mara nyingi ndiye aliyeujenga mlango wenyewe. Katika fasihi ya Kiingereza mkondo huu una historia ndefu. Rebecca ya Daphne du Maurier (1938) inamweka mke mpya katika nyumba kubwa ambamo kifo cha mke wa kwanza hakijaelezwa kwa ukweli. Gone Girl ya Gillian Flynn (2012) inawaweka mume na mke katika ndoa ambamo kila mmoja anamwandikia mwenzake hadithi ya uongo. Riwaya zote mbili zinategemea sharti moja: wanandoa wametengwa na jamaa, na mashahidi ni wachache.

Riwaya ya Kiswahili ya uhalifu ilianza kwa kuitafuta hatari mahali pengine. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Faraji Katalambulla alifuatia na Simu ya Kifo (1965). Baadaye Elvis Musiba na Ben Mtobwa wakawapa wasomaji majasusi na wapelelezi, Willy Gamba na Joram Kiango, wanaopambana na maadui wa taifa na magenge ya mijini. Katika mkondo huu, nyumba ni mahali ambapo mpelelezi hupita kuuliza maswali, kisha akatoka. Ni nadra ndoa yenyewe kuwa ndiyo kosa linalochunguzwa.

Kwa sababu hiyo, anayeitafuta taharuki ya nyumbani katika Kiswahili hawezi kuishia kwenye riwaya pendwa. Hana budi kuitafuta katika riwaya ambazo kwa kawaida husomwa kwa ajili ya maadili, mila au siasa. Makala hii inafanya hivyo, na inazisoma riwaya hizo kutoka Mara. Uteuzi wa mahali una sababu tatu. Kwanza, Bunda ni jirani wa Ukerewe, kisiwa kilichowazaa Kitereza na Kezilahabi. Kivuko cha Kisorya hadi Rugezi kinaunganisha pande hizo mbili, na Kijita kinachozungumzwa Bunda na Musoma kina undugu wa karibu na Kikerewe ambacho Kitereza alikitumia kuandika kwanza. Pili, Butiama ndiko alikotoka Mwalimu Julius Nyerere, aliyeandika juu ya uhuru wa mwanamke miaka mingi kabla ya kushika madaraka. Tatu, Musoma ni makao makuu ya mkoa na ya Kanda ya Mahakama Kuu, mahali ambapo kifo kilichotokea ndani ya ndoa hupewa jina la kisheria.

2.0 Mhimili wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mtazamo wa kifeministi wa Kiafrika, ambao haumtazami mwanamke peke yake bali humtazama ndani ya mtandao wa ukoo, mahari, uzazi na mali. Kutokana na mtazamo huo, makala inatumia dhana mbili: umiliki na mlango.

Umiliki ni hali ambamo mtu hudai kwamba kumpenda mwenzake kumempa haki juu ya mwili wake, muda wake na mazungumzo yake. Lugha ya kila siku huifunika hali hii kwa maneno laini. Husemwa kwamba mwenye wivu ndiye mwenye mapenzi. Husemwa pia kwamba wagombanao ndio wapatanao, na kwamba wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime. Kila msemo una hekima yake panapokuwa na usawa kati ya wanaogombana. Pasipo usawa, msemo uleule humwondoa shahidi. Jirani aliyechukua jembe akaenda kulima hakuona kilichotokea, na hakusikia.

Hapa ndipo tofauti na riwaya za Ulaya inapojitokeza. Mji wa Mara, kama ulivyo mji wa Ukerewe, una watu wengi: mama mkwe, mashemeji, wake wenza, watoto wa ndugu. Mwandishi hawezi kuleta taharuki kwa kumweka mke peke yake katika jumba la mbali. Anachoweza kuonyesha ni upweke ulio katikati ya umati, yaani mke anayezungukwa na watu wanaojua, lakini ambao desturi imewaagiza wasiseme. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika nyumba ya namna hii kata ziko nyingi, ila hazina ruhusa ya kunena.

Dhana ya pili, mlango, inahusu uwezekano wa kuondoka. Katika jamii za kanda ya ziwa mke aliyeolewa kwa mahari hakukatiwa uhusiano na nyumba ya wazazi wake. Kulikuwa na njia ya kurudi kwao, na kurudi huko kulimlazimisha mume kufuata na kueleza. Makala inauita uwezekano huu mlango wa kurudi kwao. Swali linaloulizwa kwa kila riwaya ni moja: mlango huo uko wazi, umebanwa, au umefungwa, na ni nani mwenye ufunguo?

3.0 Kitereza: Mume Anayefuata na Kuomba

Kitereza alimaliza kuandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Wahakiki wengi wameisoma kama hazina ya mila za Wakerewe, kwa kuwa imejaa maelezo ya kilimo, uvuvi, tiba, vyakula na heshima za maongezi. Usomaji huo ni wa haki, lakini unaweza kuficha jambo jingine: hii pia ni riwaya ya mwanamume anayempenda mkewe kupita kiasi kwa vipimo vya jamii yake.

Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Jamaa za mume wanamtukana mke kwa sababu hiyo, na wazazi wa Bugonoka wanapopata habari wanamchukua binti yao na kumrudisha nyumbani. Kwa mila, Myombekere ana njia rahisi: kuoa mwingine. Yeye hataki. Anakaa katika nyumba isiyo na mke, anajipikia, anapata aibu ya mwanamume asiye na wa kumwandalia chakula, na fikra zake zote zinamwelekea mtu mmoja. Mwandishi wa riwaya ya taharuki angeweza kuanzia hapo na kumpeleka msomaji gizani. Mume aliyekataliwa, asiyelala, anayetembea njia ileile kwenda kwa wakwe, ni mhusika ambaye msomaji wa leo humtazama kwa hofu.

Kitereza anamzuia asiwe wa kutisha, na kizuizi chenyewe si wema wa moyo pekee. Ni utaratibu. Myombekere analazimika kufika kwa wakwe na kusema kwa unyenyekevu. Analazimika kusikiliza makosa ya jamaa zake yakitajwa mbele ya watu. Anatozwa pombe ya ndizi, na ili aipate inambidi aombe ndizi, vyombo na nguvu za majirani. Kila hatua inayageuza mapenzi yake kuwa jambo la hadhara. Hisia ambayo ingeweza kuoza ndani ya kifua cha mtu mmoja inagawanywa kwa watu wengi, na kila mmoja ana haki ya kuipima. Bugonoka anaporudi, anarudi kwa masharti yaliyosikiwa na mashahidi. Ndipo safari ya kutafuta tiba inapoanza, na hatimaye wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali.

Hata hivyo usomaji wa kifeministi haupaswi kuupamba mlango huu kupita kiasi. Bugonoka hakuufungua yeye. Alichukuliwa na wazazi, na alirudishwa baada ya wazazi kuridhika. Alimpenda mumewe na aliumia kutenganishwa naye, lakini hiari yake haikuwa kipimo cha mwisho. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa baba yake, kisha ukakabidhiwa kwa mumewe. Kilichomlinda hakikuwa uhuru wake, bali ni ukweli kwamba wanaume wawili walihitaji kukubaliana hadharani. Ulinzi wa aina hiyo hudumu pale tu baba anapotaka kumlinda binti yake.

4.0 Kezilahabi: Nyumba Ambamo Baba Ndiye Hatari

Katika Rosa Mistika (1971) sharti hilo linavunjika. Zakaria, baba wa Rosa, ni mlevi, na ulinzi wake juu ya binti unachukua sura ya kipigo. Barua ya kijana inapogunduliwa, Rosa anaadhibiwa kwa ukatili usiolingana na kosa. Mtu ambaye kwa Kitereza angekuwa kimbilio ndiye hapa chanzo cha woga. Rosa anakua akijua kwamba mapenzi ni jambo la kufichwa na kwamba mwili wake ni mali inayokaguliwa. Anapotoka nyumbani na kwenda kusoma, hajui kutumia uhuru ambao hakufundishwa, na wanaume wenye mamlaka wanautumia kwa niaba yake. Mwishoni, kijana aliyekusudia kumwoa anamkataa kwa sababu si bikira, na Rosa anajiua.

Riwaya hii ilizua mjadala mkali na ilizuiwa shuleni kwa muda, kabla ya kuja kusomwa tena. Mjadala ulielekezwa zaidi kwenye matukio ya ngono kuliko kwenye mpangilio wa matukio. Lakini mpangilio ndio unaotisha. Baba anakagua barua, mkuu wa chuo anakagua utii, mchumba anakagua ubikira. Wakaguzi watatu wanapokezana mwili mmoja, na kila mmoja anadai kwamba anafanya hivyo kwa kujali. Msomaji anaona ajali ikija tangu kurasa za mwanzo, na hiyo ndiyo taharuki ya kweli: msomaji anayajua yatakayotokea na hana namna ya kuyazuia.

Kichwamaji (1974) inalivuta tatizo hadi ndani ya ndoa. Kazimoto, msomi aliyerudi Ukerewe kutoka chuo kikuu, anasimulia mwenyewe. Manase amemharibia dada yake, Rukia, na Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada wa Manase. Kisasi kinageuka mapenzi, na mapenzi yanageuka ndoa. Lakini msomaji hawezi kusahau mlango ambao mapenzi hayo yaliingilia. Sabina aliwekwa katika fikra za mumewe kama chombo kabla hajawekwa kama mtu. Ndoa yao imejengwa juu ya nia ambayo mmoja anaijua na mwingine haijui, na huo ndio msingi hasa wa taharuki ya nyumbani.

Usimulizi wa nafsi ya kwanza unaongeza uzito. Kila kitu anachokijua msomaji juu ya Sabina kimepita katika kichwa cha mwanamume ambaye kichwa hicho ndicho ugonjwa wenyewe, kama jina la riwaya linavyodokeza. Maradhi yaliyoletwa na maisha ya wasomi hao yanawafikia watoto wao, na Kazimoto anajiua. Anapoamua kuondoka duniani, hamwombi mke ruhusa na hamshirikishi katika hukumu. Kifo chake ni tendo la mwisho la mtu aliyezoea kuamua peke yake maana ya ndoa ya watu wawili. Sabina anabaki na mzigo ambao usimulizi haukumpa sauti ya kuueleza.

Tukiziweka riwaya hizi mbili kando ya ile ya Kitereza, tofauti haiko katika nguvu za hisia. Myombekere anampenda mkewe kwa ukaidi unaolingana na wa mhusika yeyote wa Kezilahabi. Tofauti ni kwamba Myombekere analazimika kusema mbele ya wengine, ilhali Kazimoto anasema na nafsi yake na msomaji tu. Mapenzi yasiyo na msikilizaji mwingine hayana wa kuyapinga.

5.0 Said Ahmed Mohamed: Mlango Unaofunguka Upande Mmoja

Utengano (1980) inatoka mbali na ziwa, Zanzibar, lakini inahitajika hapa kwa sababu ndiyo riwaya inayoitamka picha ya mlango waziwazi. Bwana Maksuudi ni mtu wa hadhi katika jamii na mwenye tamaa ya kisiasa. Mkewe Tamima na binti yake Maimuna anawaweka ndani. Hawatoki, na watu hawaingii. Jina la kufungwa huko ni heshima. Nje, Maksuudi mwenyewe hana mpaka, na uhusiano wake na Kazija unaonyesha kwamba sheria anayoiweka kwa wake wa ndani haimhusu yeye.

Tukio linalofichua undani wa nyumba hiyo ni uzazi. Tamima anahitaji mkunga. Uchungu haungoji idhini ya mume, hivyo mwanamke wa nje anaingizwa ndani. Maksuudi anapogundua, hauoni uhai uliokuwa hatarini. Anaona amri iliyovunjwa. Tamima anapigwa na kupewa talaka. Mlango ambao kwa miaka yote haukufunguliwa ili mke atoke kwa hiari yake, sasa unafunguliwa ili afukuzwe. Hili ndilo umbo la mapenzi ya kumiliki likiwa limevuliwa nguo: mmiliki anaweza kufungia na anaweza kutupa, kwa sababu matendo yote mawili ni haki za mwenye mali.

Maimuna anatoroka na kuangukia katika nyumba ya Mama Jeni, ambako mwili wake unauzwa. Wasomaji kadhaa wameichukua sehemu hii kama onyo kwa mabinti watoro. Usomaji huo unamsamehe Maksuudi kwa haraka. Binti aliyelelewa bila kuona barabara hawezi kulaumiwa kwa kutojua inakoelekea. Mwandishi anaonyesha kwamba kufungiwa ndiko kulikomwandaa kwa ajili ya Mama Jeni. Nyumba ya kwanza ilimfundisha kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye mwili wake, na nyumba ya pili ikaendeleza somo lilelile.

6.0 Riwaya Hizi Mbele ya Msomaji wa Mara

6.1 Bunda: mahari na ufunguo

Msomaji wa Bunda hahitaji maelezo ili aelewe safari za Myombekere kwenda kwa wakwe. Mahari ya ng'ombe, vikao vya wazee na mke aliyerudi kwao ni mambo anayoyajua. Lakini ng'ombe ndio pia wanaoweza kuugeuza mlango kuwa ukuta. Tamko la Sheria za Mila la 1963 liliweka katika maandishi kanuni za mahari, pamoja na kanuni za kurejeshwa kwake ndoa inapovunjika. Pale ambapo ng'ombe waliopokelewa wamekwisha kutumika kumwolea kaka, binti anayerudi analeta deni. Baba anaweza kumpokea kwa huruma usiku na kumshauri arudi kwa mumewe asubuhi. Hapo baba hajawa Zakaria, mpigaji. Amekuwa mtu aliyefungwa na hesabu, na matokeo kwa binti yanafanana.

Hili linaipa riwaya ya Kitereza makali mapya. Ikisomwa leo, haifariji tu kwa picha ya zamani iliyo njema. Inauliza ni wazazi wangapi wangethubutu kumchukua binti yao kwa sababu ya tusi tu, kabla ya kipigo chochote, kama walivyofanya wazazi wa Bugonoka.

6.2 Butiama: hoja ya uhuru

Alipokuwa mwanafunzi Makerere katika miaka ya 1940, Nyerere aliandika insha iliyotumia hoja za John Stuart Mill juu ya kutiishwa kwa wanawake kuitazama jamii aliyotoka. Alikuwa mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, aliyekuwa na wake wengi, na mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo hoja ya Mill haikumfikia kama jambo la Ulaya pekee. Alikuwa ameyaona maisha ya wanawake katika mji wa baba yake.

Umuhimu wa insha hiyo kwa uhakiki huu ni wa kihistoria. Mara nyingi uhakiki wa kifeministi hupingwa kwa madai kwamba umeletwa kutoka nje na hauna mizizi. Butiama inaonyesha kwamba swali la iwapo mke ni mtu au ni mali liliulizwa na kijana wa Kizanaki kabla ya riwaya yoyote kati ya hizi nne kuchapishwa. Kitereza alikuwa akimalizia kazi yake ng'ambo ya maji katika miaka ileile. Mmoja aliuliza kwa insha, mwingine kwa hadithi, na wote wawili walitoka katika jamii za mwambao mmoja wa ziwa.

6.3 Musoma: jina la kifo

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sheria hiyo na Rosa Mistika ni za mwaka mmoja. Nusu karne haikutosha kuifikisha katika kila nyumba. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulionyesha kwamba nusu ya wanawake waliowahi kuolewa, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamefanyiwa ukatili na mwenzi, uwe wa kimwili, wa kingono au wa kihisia. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe angalau kwa sababu moja kati ya zilizotajwa. Takwimu hiyo ya pili ndiyo inayohusu fasihi moja kwa moja. Ni takwimu ya hadithi ambazo watu wamejisimulia wao wenyewe mpaka zikawa kanuni.

Ndoa inapoishia katika kifo, shauri hufika Mahakama Kuu, na swali la hadithi hurudi kwa sura nyingine. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 201, inaelekeza kwamba aliyeua kwa hasira iliyotokana na kuchokozwa ghafla, kabla hasira hiyo haijapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia na si ya kuua kwa kukusudia. Kanuni hiyo inatambua udhaifu wa binadamu, na ina sababu zake. Lakini pia inatengeneza hadithi ya aina moja: hadithi yenye dakika moja. Mtu alikuwa mwema, akaona au akasikia jambo, macho yakaingia giza.

Riwaya hufanya kinyume chake. Haianzi dakika ya mwisho. Inaanza siku barua ilipokaguliwa, siku jamaa walipotukana na mume akanyamaza, siku mlango ulipotiwa kufuli kwa jina la heshima. Msomaji wa Utengano hawezi kuamini kwamba kipigo cha Tamima kilitokana na ghadhabu ya ghafla, kwa kuwa amekwisha kuiona miaka iliyokitangulia. Msomaji wa Kichwamaji hawezi kuamini kwamba mwisho wa Kazimoto uliletwa na mtoto mmoja mgonjwa, kwa kuwa ameisikia nia ya kisasi tangu awali. Kwa njia hii riwaya ya taharuki ya nyumbani inatoa kile ambacho ushahidi wa dakika moja hauwezi kutoa: muda. Haipingani na mahakama, kwa sababu kazi ya mahakama ni kupima tendo. Inawafundisha wale watakaokuwa majirani, wazee wa baraza na mashahidi kwamba dakika ya mwisho ina ukoo mrefu.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili inayo taharuki ya nyumbani, ingawa haijapewa jina hilo, na kwamba nguvu yake haitokani na mpelelezi wala na maiti inayopatikana katika sura ya kwanza. Inatokana na mlango. Kwa Kitereza mlango uko wazi, ingawa ufunguo uko kwa wanaume, na mapenzi ya kupindukia yanalazimishwa kupita mbele ya mashahidi. Kwa Kezilahabi kimbilio limegeuka hatari, na mapenzi yanabaki kichwani mwa mtu mmoja. Kwa Said Ahmed Mohamed mlango unafunguka upande mmoja, kwa amri ya mwenye ufunguo.

Matokeo hayo yana maana mbili. Kwa wahakiki, mpaka kati ya riwaya dhati na riwaya pendwa unahitaji kutazamwa upya, kwa kuwa sifa zinazotajwa kuwa za riwaya pendwa, yaani siri, woga na msukumo wa kutaka kujua kitakachofuata, zimo katika kazi hizi na ndizo zinazobeba dhamira zake. Kwa waandishi chipukizi wa Mara, changamoto iliyobaki ni ya kifani: kuandika riwaya ya ndoa ya kuogofya katika mji wenye watu wengi, ambamo hakuna mkazi asiyejua na hakuna aliyeulizwa. Mhusika mkuu wa riwaya hiyo huenda asiwe mume wala mke. Huenda akawa jirani aliyesikia usiku, akachukua jembe alfajiri, na ambaye mwandishi anamsimamisha njiani kabla hajafika shambani.